Katoni 880 za Siagi Zilizoshushwa Pô

KITUO CHA POLISI, OUAGADOUGOU
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Rasmané Nikiema
Umri: Miaka 54 kwa cheti. Marehemu mama alisema 56.
Kabila: Mmossi
Elimu: Darasa la nne
Kazi: Mpangaji wa safari za malori ya mizigo
Makazi: Gounghin
Tarehe na saa: Jumatatu, 18 Machi 2019, saa 2:20 asubuhi

Mimi ndiye Rasmané Nikiema. Kazi yangu ni kupanga safari za malori kati ya hapa na bandari ya Tema, Ghana. Mwenye mzigo akija, mimi ndiye ninayesema lori gani lipakie, zamu ya dereva gani imefika, wapite mpaka gani na karatasi zipi zitangulie. Nimeifanya kazi hii miaka ishirini na sita. Mwaka ule daraja lilipokatika nilivusha malori arobaini kwa siku moja, mengine nikiyavuta kwa ng'ombe, mpaka waziri akauliza huyu mtu ni nani. Nikisikia injini kwenye simu tu nakuambia lori limebeba tani ngapi. Afande ameniomba nibaki kwenye jambo lililonileta. Sawa.

Seydou Toé ni dereva. Namfahamu miaka kumi na saba. Yeye ni Msamo na mimi ni Mmossi, kwa hiyo ni mtani wangu. Afande anayeandika naye ni Msamo, anaelewa. Mtani akikutukana huna ruhusa ya kununa. Akikuvua kofia, kofia imekwenda. Mimi humwita Toé mla mbwa, yeye huniita mtumwa wake. Mke wangu mdogo aliposhikwa na uchungu, Toé ndiye aliyempeleka hospitali kwa kichwa cha lori bila tela, taa zote zimewashwa mchana kweupe. Naomba na hilo liandikwe.

Mnamo Jumatatu tarehe 11 Machi, saa nane mchana, kikundi cha kina mama wa Léo kilimaliza kupakia katoni 880 za siagi ya karité, ile ya kokwa za mti wa porini, kila moja kilo 25. Siagi hiyo wameikamua kwa mikono yao tangu Agosti. Kiongozi wao ni Mama Assibi Nignan. Mnunuzi wao wa ng'ambo alishawaambia kwamba meli inaondoka Tema tarehe 21, na mzigo ukiikosa, hataagiza kwao tena. Zamu ya kubeba haikuwa ya Toé. Mimi nilimrusha mbele ya wenzake, kwa sababu siagi ile huyeyuka na sikumwamini mwingine kuipitisha kwenye joto la Machi.

Mnamo Jumanne tarehe 12, lori lilifika uwanjani kwangu kuchukua karatasi. Ilikuwa yapata saa tisa na nusu alasiri. Tulikuwa tunakula wali, na Toé, kama kawaida yake, akaivuta sahani yangu. Kisha akachukua fomu moja tupu mezani. Ile ni barua ya kushushia. Lori likiharibika njiani, dereva hupewa barua hiyo yenye sahihi na mhuri wangu ili mzigo upokelewe kwenye ghala lililo karibu. Lori lake lilikuwa zima. Akaandika, akapanda juu ya ndoo, akasoma kwa sauti:

"Mimi Rasmané, mtumwa wa Wasamo, nampa bwana wangu Toé mzigo wote, na mke wangu mdogo, na kofia hii."

Wapakiaji walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikamwambia, "Mke mchukue. Kabla ya Ijumaa utamrudisha kwa magoti."

"Basi tia sahihi, mtumwa. Au unaogopa?"

"Nimuogope mla mbwa, mimi?"

Nikatia sahihi. Mhuri niliugonga mara mbili, kwa madaha. Kusoma najua, ila polepole, na siku hiyo sikusoma kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Saa kumi jioni Toé akaondoka. Kofia yangu alikuwa ameivaa.

Mnamo Jumatano tarehe 13, saa sita mchana, nilimpigia simu kujua kama amevuka mpaka. Akasema, "Nimeshauza, mtumwa wangu." Nikamuuliza kama amenibakishia kichwa cha mbwa. Akasema, "Wewe utapata mkia." Nikaweka simu kwenye sauti kubwa ili uwanja mzima usikie. Alhamisi nilimpigia tena. Akasema, "Mbona nimekwambia nimeuza?" Nikacheka tena.

Jioni hiyo Mama Assibi alipiga kuulizia mzigo. Nikamwambia mla mbwa anadai ameuuza. Yeye hakucheka.

"Kaka Rasmané, na kama ni kweli?"

"Mama, wewe huwajui Wasamo."

"Siwajui. Ndiyo maana nakuuliza."

Nikamwambia alale. Nikamwambia mimi ni Rasmané, mzigo wangu haujawahi kupotea hata katoni moja. Maneno hayo nilimwambia mimi, si mtu mwingine.

Ijumaa simu ya Toé haikupatikana. Mnamo Jumamosi tarehe 16, nilipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi kwenda Pô, mji wa mwisho kabla ya mpaka. Lori nililikuta kituo cha mafuta, turubai limekunjwa vizuri, tela tupu. Toé alikuwa mgahawani jirani, anakula.

"Mtumwa wangu umefika," akasema. "Kaa tule."

Nikakaa. Nikanawa. Mbele ya Mungu, hata hapo nilikuwa bado nadhani ni mchezo. Nikamwambia, "Umeshinda, mla mbwa. Haya, nionyeshe mzigo."

Akasema, "Nimekwambia mara mbili kwenye simu. Hii ya tatu."

Sikuona meno yake. Miaka kumi na saba sijawahi kumwona yule mtu akinitazama bila kuonyesha meno. Nikamuuliza una shida gani, mbona hukuniambia. Akajibu, "Shida yangu kila mwaka unaisema mbele ya watu. Kwamba nitakufa nimeshika usukani wa mtu. Watu wanacheka, nami nacheka. Bélem, aliyenunua mzigo, amenipa lori lake dogo, limeandikwa jina langu."

"Ungemuibia nduguyo hivi?"

"Ndugu yangu nisingemwambia kitu. Wewe nilikwambia, kwa kuwa nilijua hutasikia."

Sikumgusa. Mtani hamwagi damu ya mtani. Nilimaliza kunawa mikono mara ya pili, nikatoka.

Boukari Bélem ana ghala nyuma ya soko la Pô. Katoni zote 880 zipo humo, nimeziona, nimezihesabu safu kwa safu. Bélem alinionyesha barua. Niliisoma nikifuatisha kwa kidole. Mtumwa hayumo. Mke hayumo, kofia haimo. Imeandikwa kwamba mimi Rasmané Nikiema, kwa niaba ya wenye mzigo, naruhusu Seydou Toé ashushe mzigo wote Pô na amkabidhi atakayemchagua. Chini yake kuna sahihi yangu na mihuri miwili. Bélem akasema, "Mzee, mimi nimenunua kwa barua yako. Kwa mdomo sitoi hata katoni moja. Kama barua ilikuwa ya mchezo, kaseme polisi."

Mnamo Jumapili tarehe 17, saa tatu asubuhi, wazee wa kwao Toé walikuja nyumbani kwangu na kokwa za kola za kuombea msamaha, na wazee wa kwetu wakakaa upande wao. Walisema tangu dunia iumbwe hajasikika Mmossi aliyempeleka Msamo polisi. Walisema tulimalize kwa kucheka. Kaka yangu mkubwa akanivuta pembeni, akaniambia kama ni lazima niende, niseme mhuri uliibiwa, nisijichome mwenyewe.

Saa saba mchana alifika Mama Assibi na wenzake wanne kutoka Léo. Walikataa viti. Alikuwa na picha ya barua kwenye simu, ametumiwa na Bélem.

"Sahihi hii ni yako?"

Mimi huwa sikosi neno, Afande, uliza uwanja wote. Nikasema, "Ni yangu."

Akasema, "Umetuuza ukicheka."

Kwa hiyo naeleza hivi. Mhuri haukuibiwa. Sahihi haikughushiwa. Niliigonga mihuri mwenyewe, lori likiwa zima, bila kusoma, na bila kuwauliza wenye mzigo. Sikupokea kitu kwa Toé wala kwa Bélem. Barua hiyo haikuwa na haki ya kushusha hata katoni moja, na naomba polisi wa Pô waitumie kauli yangu hii kulifungua ghala leo. Lori lingine nimeshalipanga, lina dereva na lipo Pô tangu alfajiri. Likipakiwa kabla ya jioni, siagi itafika Tema kabla ya meli. Najua chama cha wasafirishaji kitaninyang'anya mhuri. Najua naweza kushtakiwa. Namtaja Seydou Toé, mtani wangu, kuwa ndiye aliyeuza mzigo wa kina mama wa Léo.

Niliyoyasema ndiyo hayo, sijalazimishwa na mtu, na safari hii hakuna la utani ndani yake.

Sahihi ya shahidi: R. Nikiema

Maelezo ya mpokezi: Mimi, Sajini Lamoussa Zerbo, nimeyaandika maelezo haya na kumsomea shahidi, akakubali kuwa ni sahihi. Nakala imetumwa Pô saa 4:05 asubuhi. Nilipompa kalamu nilimwita mtumwa wangu, kwa desturi ya kwetu. Aliniomba karatasi, akaisoma yote mwenyewe kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, kwa muda wa dakika arobaini, ndipo akatia sahihi.