HA Nyekundu

Jumatatu, 3 Machi

"Rangi mbili ndani ya neno moja ni kelele." Ndivyo alivyosema leo mwalimu wetu wa mabango, mbele ya darasa zima, kidole kikigonga kazi yangu ukutani. Kelele! Nimeandika makala mpaka gazeti lenyewe likafa, na huyu kijana, ambaye alikuwa bado ananyonya nilipokuwa nashtakiwa kwa maandishi yangu, ndiye anifundishe kelele ni nini.

Nilimjibu. Neno ni HATUKUBALI. HA nyekundu, TUKUBALI nyeusi. Katika lugha yetu kukataa hakujifichi katikati ya neno. Hukaa mbele, mlangoni, kama mlinzi. Silabi moja ndiyo inayopigana, nyingine zinafuata nyuma. Kwa nini zivae sare moja?

Akatabasamu. "Sawa, Mhariri. Lakini huyu bibi uliyemchora dirishani, mbona kama mfungwa?"

Darasa likacheka. Mfungwa! Ni mama yangu huyo, kwenye kiti chake, ghorofa ya nne, mikono kwenye nondo. Analinda jengo. Watoto hawa hawajui kutazama.

Jumatano, 5 Machi

Msimamizi wa mwenye nyumba amepita tena, mlango kwa mlango. Jengo linabomolewa. Eti tuhamie mtaa wa nyuma, vyumba vya chini, kodi ileile. Hapa litakuja duka kubwa la kuta za vioo. Nikamwambia sihamishwi kama kabati.

"Shangazi, vyumba vyenyewe umeviona?"

Sijaviona wala sina haja! Mama aliuliza jambo moja tu: kule kuna ngazi? Akaambiwa hakuna. Nikafunga mlango.

Kikao cha wapangaji wote ni tarehe 31. Kila nyumba itasema neno lake. Bango litakuwa limeshasema.

Jumamosi, 8 Machi

Limepanda! Refu kuliko mlango, upande wa barabara, penye jua la kutwa ili lisomeke hata na asiyetaka. Fundi cherehani wa ghorofa ya pili alinishikia ngazi.

"Dada, hiyo 'tu' na mimi nimo?"

Nikamwambia tumo sote.

"Mbona mimi sikuitwa?"

Ana utani mkavu huyu mama. Nikamwambia ashike ngazi vizuri.

Jumanne, 18 Machi

Darasa la vielelezo. Mwalimu: acha nafasi, acha nafasi, mtazamaji apumue. Wanafunzi wanamwita Acha-Nafasi. Nikawaambia hayo ndiyo maneno niliyoambiwa na kila bosi niliyewahi kuwa naye. Walicheka. Yeye hakucheka. Maksi — siandiki.

Ijumaa, 28 Machi

Jua limekula HA!

Siku hizi zote nimekuwa nikiingia kwa mlango wa nyuma, sikuinua macho. Wino mwekundu wa bei poa umekuwa waridi, kisha umekuwa rangi ya ukuta. Nyeusi imekaza vilevile. Jengo zima linaitangazia barabara: TUKUBALI. Na mama juu yake, kwenye nondo.

Ningeandika HATUHAMI, ikikatwa kichwa ingebaki upuuzi. Mimi, mjuzi wa maneno, nimechagua kitenzi ambacho kikikatwa kichwa kinabaki wito!

Fundi alikuwa chini, ameshika mbavu. "Mama mwandishi, tumekusikia! Mashine zangu nimeshazifunga."

Nilidhani mzaha. Akaacha kucheka. Akasema wateja wake ni watu wazima, ngazi hizi hawapandi tena, kule chini watamfikia. Nikamwita msaliti. Ndiyo, nilimwita hivyo, barabarani.

"Uliniuliza lini, dada? Yule msimamizi ni mwongo, najua. Lakini alibisha hodi."

Jumapili, 30 Machi

Nimenunua rangi ya mafuta. Nyekundu. Hii jua haliiwezi.

Nikampandishia mama nakala ya bango, kwa kuwa lile la ukutani hajawahi kuliona. Hashuki tangu mvua za mwaka jana. Aliishika mbali na macho, kisha karibu.

"Huyu ni mimi?"

Ndiyo, mama.

"Umenipatia hasa."

Nikafurahi! Nikataka kumpigia Acha-Nafasi simu palepale.

"Ndivyo nilivyo," akasema. "Magoti yamenifungia humu, nawahesabu wapita njia."

Kwa nini hukusema?

"Ulikuwa unaongea, mwanangu."

Jumatatu, 31 Machi

Nimekaa kwenye ngazi ya kuingilia. Kopo limefunguliwa, brashi imeshaloa. Kikao ni saa nne, na msimamizi ameshaegesha gari mbele, anasoma ukuta wetu huku anatabasamu. Hiyo kodi ileile bado hajaiweka kwenye maandishi. Duka la vioo bado ni wizi. Kwa hilo sirudi nyuma hata hatua moja.

Lakini mkono haupandi.

Wewe fundi, uliyefunga mashine bila kuniaga. Ninyi wa ghorofa ya tatu, mnaoitikia salamu yangu na kuharakisha. Na wewe mama, ambaye najua uko dirishani hapo juu hata nisipoinua kichwa. Fungueni milango. Shukeni mnaoweza kushuka, asiyeweza, nampandia. Nitukaneni mkipenda, lakini semeni kwa midomo yenu, sasa hivi, rangi hii ikiwa bado mbichi: HA niiandike, au nisiiandike?