Mwalimu wa Kikapu na Maji Yaliyogoma

Mwaka umetimia leo, Mwalimu, tangu Ijumaa ile asubuhi ulipoanguka karibu na sinki, kitambaa cha vyombo kikiwa bado begani. Kabla ya saa sita mchana tulikuwa hospitalini na daktari anatuambia tukae kwanza. Mwaka mzima, na bado mlango wa nyuma ukilia mimi nageuka.

Binti yetu mkubwa anasema kumbukumbu ya familia huandikwa kwa "sisi", tena huwa fupi. Nimemwambia sawa. Ila unanijua, mke wangu, mimi hata kiraka nakishona mara tatu ndipo roho itulie. Tena safari hii kuna jambo nimetumwa nikuambie, na aliyenituma ananisubiri. Nisipolisema vizuri nitakuwa nimemharibia mtoto wa watu.

Kwanza tukukumbuke kama inavyopasa. Kwa miaka ishirini na miwili ulifundisha watoto Biblia kila Jumapili katika kile chumba cha nyuma ya kanisa chenye mabenchi mafupi na kioo cha dirisha kilichopasuka pembeni. Wote walikuita Mwalimu wa Kikapu, maana hukuwahi kuingia mle na maneno matupu, bila kikapu chako cha vitu. "Mtoto ashike kwanza, ndipo asikilize," ndivyo ulivyokuwa ukisema. Ulimfunga mtoto mikono kwa uzi wangu mzunguko mmoja, akaukata akicheka. Ukamzungushia mara ishirini, akahangaika mpaka jasho likamtoka, ndipo ukawaambia habari ya uongo mdogo mdogo. Ulileta tochi iliyojazwa karatasi mahali pa betri, ukamwachia kila mmoja ajaribu kuiwasha na ashangae mwenyewe.

Na lile shati! Ulinishurutisha nishone kiraka kipya kabisa kwenye shati langu kuukuu, ukalifua mbele yao kwenye beseni na kulianika dirishani. Jumapili iliyofuata kiraka kilikuwa kimejikunja na shati limechanika, kama Yesu alivyosema. Mtoto mmoja akauliza, "Kwa hiyo Yesu alikuwa fundi cherehani?" Ukamjibu, "Seremala. Lakini nguo zake alishonewa na mama yake, na macho alikuwa nayo." Shati langu hukulilipa mpaka leo.

Kila Jumamosi baada ya chakula uliondoa vyombo mezani ukapanga vitu vyako, ukajaribu kila kimoja mara tatu. Mimi nilikaa pale na nguo za watu, nanung'unika. "Kikigoma, na kigome hapa," ulikuwa ukiniambia, "mbele yako wewe usiyeamini kitu, kuliko mbele ya mtoto anayeamini." Nilicheka tu. Laiti ningesikiliza.

Maana kikapu kile kilikuwa kinakula chumba changu cha kushonea. Uzi, chaki, vifungo, kila kitu. Halafu ukachukua sumaku. Ile sumaku yangu nyekundu ya kuokotea pini sakafuni na kwenye mapindo, ulikwenda nayo Jumapili yako ya mwisho, na haikurudi. Jumatano mteja akachomwa na pini ndani ya pindo la gauni, mimi nikaja juu. Binti ameniomba niyaondoe haya, yasisomwe na watu. Siyaondoi. Nilikufokea, nikasema unachezea riziki yetu kwa ajili ya watoto wa wenzio. Wewe ulikunja tu kitambaa ulichoshika, ukasema, "Nitaitafuta, baba. Usijali, nitaitafuta." Alhamisi nzima nilikununia. Ijumaa ukaanguka.

Baada ya mazishi darasa likabaki halina mtu. Mzee wa kanisa akaja na kofia mkononi: "Fundi, tushikie Jumapili mbili tu." Mbili hizo ndizo zimekuwa mwaka. Mimi niliyekuwa siwezi kutoa hata tangazo la kiti kilichopotea! Jumapili asubuhi chai haipiti. Watoto wananiita Babu Fundi, wananivumilia. Nilichukua kikapu chako kama ulivyokiacha, nikaapa sitaondoa kitu ndani yake. Hata ile chupa ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, yenye utepe uliouandika kwa mkono wako "SI YA KUNYWA, NAWAONA", niliiacha na kile kilichobaki ndani. Niliitumia? Hata tone. Kila Jumamosi niliifuta vumbi nikairudisha.

Mpaka mwezi uliopita. Lile somo la msamaha ulilolipenda kuliko yote, nikaona sasa naweza. Glasi ya maji safi. Kila mtoto awaze kimya kimya kosa lake moja, na kwa kila mtoto unadondosha tone la dawa ya vidonda, ile ya kahawia, maji yanachafuka mpaka yanakuwa kama chai ya rangi. Kisha unamimina dawa ya kung'arisha, ambayo ndiyo msamaha, na maji yanarudi meupe hivi hivi wakitazama. Nilikuona ukifanya hivyo zaidi ya mara kumi. Watoto walikuwa wanapiga kelele mpaka mchungaji anachungulia.

Jumamosi ile sikujaribu mezani. Chupa ilikuwa imebaki kidogo sana, Mwalimu, na mwandiko wako uko juu yake. Nilitaka ile kidogo iishie kwa watoto.

Nikadondosha matone. Nikamimina. Maji yakabaki kahawia. Nikamimina tena yote iliyobaki, nikakoroga kwa penseli, wapi! Mtoto wa nyuma akasema, "Babu Fundi, imegoma." Wakaanza kucheka, na kwa kutaka kujiokoa nikafanya mzaha. Nilisema, "Basi labda leo makosa yenu yamezidi."

Wote walicheka isipokuwa mmoja. Yule wa benchi la mbele, mwenye mwanya. Wewe utamjua, na wengine wasijisumbue kukisia, maana nimemwahidi jina lake halitatoka. Ana miaka minane. Hakucheka, hakulia. Aliitazama glasi mpaka nilipoimwaga, akachukua sandali zake mkononi akaondoka kabla ya sala.

Jumapili iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Nikapita kwao nikajifanya naulizia gauni la shule. Bibi yake anayemlea akaniambia mlangoni, "Fundi, sijui mtoto huyu amepatwa na nini. Ikifika Jumapili tumbo linamuuma. Chakula anakigusagusa tu. Juzi kaniuliza, bibi, mtu anaweza kuchafuka moja kwa moja?"

Nilirudi nyumbani. Wewe kwa miaka ishirini na miwili hukumtisha mtoto hata mmoja, mimi kwa glasi moja nimemfungia mtoto mlango wa Mungu. Cherehani ilinishinda siku hiyo, nikashona mkono wa shati ndani nje. Niende nikamwambie nini? Nikimwambia ilikuwa dawa tu, atasema basi na zile za Mwalimu zilikuwa dawa tu. Nisipokwenda, atakua hivyo hivyo. Jumapili ya tatu benchi lake likawa tupu tena, nikafundisha nikitazama mlango.

Binti yetu ndiye aliyenifumbua macho. Unajua kazi yake ni kufua mashuka hospitalini, anaijua dawa hiyo ya kung'arisha kuliko sala ya chakula. Alikuja Jumatatu akaikuta chupa dirishani. Akainusa.

"Baba, hii ya lini?"

"Ya mama yako."

"Ya mama? Baba! Dawa hii haikai. Ikikaa miezi inakufa nguvu, inabaki maji. Mama alikuwa ananunua mpya kila somo, anaibandika tu utepe wake ule ule. Hukumwona?"

Sikumwona. Nilikaa karibu yako miaka yote hiyo nikinung'unikia uzi. Nilitunza chupa nikidhani nakutunza wewe, kumbe nilichokuwa nafuta vumbi kila Jumamosi kilishakufa.

Nikanunua mpya. Nikajaribu mezani, si mara tatu, mara tisa, mpaka kitindamimba wetu akauliza kama nafungua zahanati. Mara zote tisa maji yalitakata, na mara zote tisa sikuamini. Juzi Alhamisi, mchana, nikabeba kikapu mpaka kwao.

Bibi akanikaribisha jikoni, akafungua dirisha. Mtoto akaja akasimama mbali na meza, mikono nyuma. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, nimekuja kuomba radhi. Nilisema neno la kijinga. Hakuna siku makosa yanazidi. Dawa ndiyo iliyokuwa mbovu, na ni mimi niliyeitunza mpaka ikaharibika."

Akaniuliza, "Na wewe uliweka kosa lako?"

Hilo sikulitegemea. Nikasema hapana, mwalimu hudondoshea watoto. Akasema, "Weka na la kwako. Sema."

Haya, mke wangu, ningefanyaje? Nikadondosha tone. Nikasema, "Nilimfokea Mwalimu kwa sababu ya sumaku. Alisema ataitafuta, akafariki kabla hatujapatana." Bibi akageukia jiko.

Mtoto akatoka mbio. Nikajua nimeharibu tena, nikaanza kukusanya vitu vyangu. Akarudi na soksi. Akaikung'uta mezani, ikadondoka sumaku nyekundu.

"Niliichukua mimi," akasema. "Nilitaka kuirudisha Jumapili. Halafu wakasema Mwalimu amekufa."

Mwaka mzima, Mwalimu! Mtoto wa miaka minane alilala na kitu hicho ndani ya soksi, akiamini kwamba ulikufa kwa sababu yake. Na mimi, mtu mzima, nikiamini karibu hivyo hivyo. Halafu nikasimama mbele yake na glasi ya kahawia nikamwambia makosa yamezidi.

Akaomba adondoshe tone lake mwenyewe. Nikamshika mkono, akadondosha. Likaja lingine, likaja lingine, yakaingia matone mengi kuliko nilivyojaribu nyumbani. Maji yakawa meusi. Kama ikigoma leo, nilijua, mtoto huyu simpati tena. Nikafungua chupa mpya, nikamwambia asogee nyuma kidogo kama ulivyokuwa ukiwaambia, nikamimina.

Haikufanya kitu. Nakuambia ukweli, kwa kitambo kile haikufanya kitu. Nikamimina tena, nikawa namwita Mungu kimoyomoyo kama mtu anayezama. Halafu ukaanza weupe kwenye kitako cha glasi, ukapanda, na kahawia ikapotea. Bibi akasema, "Eh!" Mtoto akainama mpaka pua ikakaribia meza.

"Imetoka yote?"

"Tazama mwenyewe."

Nikaiinua glasi dirishani, akatazama upande huu na upande ule. Hakutabasamu. Akasema, "Mungu ameshaona. Lakini Mwalimu anajua?"

Mchungaji angekuwa na jibu. Nikamwambia, "Keshokutwa ni siku ya kumbukumbu yake. Nitamwandikia."

"Uandike yote? Na ya kwako?"

"Na ya kwangu."

"Na ubandike mlangoni pa darasa nisome?"

"Nitabandika."

"Ukimwambia, nitakuja," akasema. Akanipa sumaku.

Basi ndiyo hii nimeandika, na nitaibandika mlangoni jioni ya leo. Kesho ni Jumapili. Chai haitapita, najua. Nimeshafuta benchi la mbele mara mbili, na kikapu kiko mezani na vitu vyake vimejaribiwa. Ile chupa ya zamani nimeitupa. Utepe wako niliubandua taratibu kwa maji ya moto, nikaubandika kwenye mpya, na nikiimaliza nitaubandika kwenye nyingine.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo, fundi mnung'unikaji. Binti yako wa mashuka pamoja na mumewe na watoto wao wawili, ambao bado wanagombania tochi yako. Kitindamimba wako. Dada yako, anayevaa koti lako la bluu. Mzee wa kanisa na zile Jumapili zake mbili. Watoto thelathini na sita wa chumba cha nyuma, na nimemhesabu na yule wa benchi la mbele, kwa imani. Uhai wetu wote hatutaacha kukukumbuka.

Na sumaku imepatikana, Mwalimu. Hukuipoteza wewe. Tusamehe sote wawili, na usiitafute tena.