Mota za Mabawa ya Bati

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji kapiga simu. Mume wa dada — yule yule aliyesimama mbele ya kamera mwaka jana akidai mashine yetu nzima ya maonyesho kaibuni peke yake. Peke yake! Programu niliandika mimi. Waya niliunga mimi. Malengelenge yangu, shada lake. Sasa ana ukuta mpya wa maonyesho: mabawa thelathini na sita ya bati, kila moja na mota yake, kompyuta iyafungue mtu akipita. Eti nimsaidie kuchagua mota. Nimekubali haraka mpaka dada akashangaa.

Alhamisi, 6 Machi
Aina mbili mezani. Zenye gia za chuma zina nguvu, ila zinasaga kama mtu anayetafuna changarawe. Za plastiki kimya, tamu masikioni. Nimepima bawa: gramu mia mbili na arobaini. Plastiki italibeba siku tatu, nne. Kisha meno ya gia yatalika, bawa lining'inie mbele za wageni. Safi!

Jumanne, 11 Machi
Shemeji kaja karakana. Kashika ya plastiki mkononi, haina bawa haina nini, kaiwasha — na kufumba macho! Mota isiyobeba kitu haikwambii kitu, hata fundi feni analijua hilo. Kaniuliza, "Unaonaje, shemeji?" Nikasema haina kelele. Sijadanganya. Roho yangu kwatu! Mungu anisamehe, lakini si leo.

Jumatano, 19 Machi
Zote thelathini na sita zimefungwa. Dada anauliza mbona napiga mluzi.

Ijumaa, 21 Machi
Bawa la tisa linatoa tik-tik. Mapema hivi! Kesho saa nne ndiyo ufunguzi. Vumilia kidogo, mwanangu.

Jumamosi, 22 Machi
Saa tatu na robo asubuhi. Nimekaa nyuma ya ukuta, juu ya sanduku la vifaa. Mlangoni nimekuta kibao: jina langu juu, la shemeji chini. Herufi sawa! Dada kanivuta pembeni. Eti mumewe ana aibu tangu mwaka jana, kuniomba radhi kwa mdomo kumemshinda, kaona aandike. Wiki tatu nzima anakunywa chai na mimi, kimya! Nina hasira upya. Hata kisasi changu kaniharibia.

La tisa limelala. La kumi na nne linafuata. Mota za chuma ninazo nane, kufunga moja ni dakika kumi.

Shemeji kachungulia, kaliona. Nilingoja lawama — lakini kavua koti, kapiga magoti kando yangu, kauliza tuanze na lipi. Kasema kosa ni lake, alichagua kwa masikio, mimi nisijilaumu. Sasa kaenda kutafuta bisibisi ya pili.

Nasikia viatu vyake vinarudi. Sijui nianzie wapi kumwambia.