Uzito wa Mtungo Uliouacha Nje

Da Zubeda,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, ila mdomo umeshazoea. Nimechoka, dada. Tangu tukuzike, kazi zako zote za hesabu za samaki zimehamia mezani kwangu hapa ofisini Raskazone, na kiti chako hakuna anayetaka kukikalia.

Nikwambie nilivyoharibu. Wanawake wa Pangani waliufungua kwa siku moja ya majaribio ule mwamba waliokuwa wameufunga ili pweza waongezeke, wakahesabu mitungo ya pweza, waliotungwa kambani. Mimi nilitakiwa kuigeuza iwe kilo, tujue kama pweza wamerudi, mwamba ufunguliwe au uendelee kufungwa. Nikaihamishia kwenye kompyuta yangu funksheni yako, ile programu ndogo uliyoiandika ya kugeuza mitungo kuwa kilo. Ikafanya kazi bila kulalamika. Jibu: pweza wachache, mwamba ufungwe tena.

Bi Mwanaharusi, mkubwa wao, akanipigia simu. "Mwanangu, mitungo ile nimeibeba mwenyewe, shingo yaniuma hadi leo. Wewe waniambia pweza hakuna?"

Sikulala vizuri. Unakumbuka ulivyonifundisha? Unachokiweka ndani ya funksheni kinaishia humo humo. Usichokiweka, itatoka nje kukitafuta, na itachukua chochote chenye jina kama lake. Mimi nikiitikia tu "ndiyo, dada", nawaza chai na mihogo.

Kumbe wewe mwenyewe, mwalimu, uzito wa mtungo hukuuweka ndani! Uliuacha nje, kwenye kumbukumbu ya kompyuta yako usiyoizima asilani. Kwako funksheni ilitoka ikaukuta. Kwangu ilitoka ikakuta uzito mwingine wenye jina hilo hilo, "mtungo", niliouandika mimi kwa kazi ya samaki aina ya changu, wepesi wale, ikauchukua kimya kimya. Lo! Nilicheka peke yangu, kisha nikalia. Ningekupigia simu kukusuta, nani angepokea?

Mama yako alinipa daftari lako. Uzito wa mtungo wa pweza umo, ulipima mitungo kumi, na jina la kila mwanamke aliyeubeba pembeni. Nimeuweka uzito huo ndani ya funksheni, mahali pake. Juu yake nimeandika mstari ambao kompyuta haiusomi, binadamu tu: "Umepimwa na Zubeda, Pangani."

Nimerudia hesabu: pweza wamerudi, dada. Mwamba unafunguliwa Jumatatu.

Nakuahidi kitu kimoja: sitaandika kazi inayohitaji mimi niwe hai ndipo iseme kweli. Mungu akulaze pema. Kompyuta yako nimeizima leo, kwa mkono wangu.

Mdogo wako,
Hamisi