Soksi za Suzu

Assalamu alaikum Mama Marsiyah,

Nisaidie mama yangu, na nakuomba radhi hata kabla sijaanza, kwa sababu mke wangu husoma ukurasa wako kila Jumapili na akiisoma hii atajua ni mimi, basi na ajue, maana nyumbani siwezi tena kumtazama usoni nikayasema. Majina nimeyabadilisha yote. Mimi ni mtu wa Semarang, Indonesia, fundi wa programu za kompyuta, niko hapa Fukuoka kwa ile viza ya wageni wanaokuja kuanzisha kampuni za teknolojia, ambayo jiji linaupima kwanza mpango wako wa biashara, likiridhika linakuunga mkono upate ukaazi, halafu unapewa muda wa kutafuta ofisi, mtaji na wateja, na kila mwezi unakwenda kwa mshauri wa jiji kueleza umefika wapi, na ukishindwa unafunga mizigo. Mke wangu, nimwite Ratri, alinitangulia nchi hii. Aliuguza wazee kwenye nyumba ya wazee kule Kitakyushu miaka mingi, mpaka alipoiacha kazi hiyo na viza yake akaandikwa kwenye yangu ili tuanze pamoja, na Kijapani anakisema kama amezaliwa nacho, wakati changu mimi ni cha kuombea chumvi mezani.

Mpango wangu ulikuwa kiboksi cha kuzungumza na wazee wanaoishi peke yao. Nilikipa umbo la mwanasesere wa mbao, nikakiita Suzu. Mzee akiamka anakisalimia, chenyewe kinamjibu, kinamuuliza amelalaje, amekula nini. Na jambo nililojivunia kuliko yote, nililowaahidi wakaguzi wa jiji kwa maandishi na wazee kwa mdomo, ni kwamba maneno hayatoki ndani ya kiboksi na hakuna binadamu anayeyasikia, kwa hiyo mzee anaweza kusema hata yale anayoyaonea haya mbele za watu. Ukweli, Mama, programu yangu ilikuwa haina akili hata ya kuku. Siku ya majaribio bibi mmoja alikiambia, "Mume wangu alifariki mwezi kama huu," kikamjibu, "Hongera sana! Tusherehekee?" Ratri alicheka mpaka akakaa chini, mimi nilitaka kulia, kwa sababu siku ya kusimama mbele ya wakaguzi ilikuwa imeshapiga hodi.

Sasa sisi watu wa kampuni changa tuna mtindo wetu, na sisemi hivi ili nijitetee: unaonyesha kwanza, unatengeneza baadaye. Karibu kila mtu kwenye lile jengo tunamoketi na kompyuta zetu anafanya hivyo na anakufundisha bila kuona haya. Nikamwomba Ratri akae ukumbini nje na kompyuta, asikilize, aandike majibu, Suzu ayasome kwa sauti yake ya mashine. "Mara hii tu," nikamwambia. Akaniuliza, "Mas," ndivyo wake wa kwetu wanavyowaita waume zao, "na wakijua?" Nikamjibu, "Mpaka waje wajue, programu itakuwa imeshapata akili." Basi mkaguzi mmoja mzee akakaa mbele ya Suzu akamwambia kwamba mama yake siku hizi hamtambui tena. Suzu akasema, "Lakini akiisikia sauti yako, si hutulia?" Yule mzee akavua miwani akafuta macho. Viza nikaipata, nikapiga picha nikiwa na hati mkononi nikamtumia baba, naye akaitia fremu akaitundika sebuleni.

"Mara hii tu" ikawa kila siku. Mshauri wangu wa jiji, Bwana Eguchi, alinitafutia mteja wa kwanza, Bibi Tokunaga, mjane anayeishi peke yake mtaa wa pili kutoka kwetu, mwanawe wa pekee yuko Osaka. Ratri anaamka alfajiri, anasali, anaketi jikoni na kompyuta yake, "Habari ya asubuhi, Bibi," na kule kwake Bibi anacheka. Programu sijaimaliza mpaka leo. Kila nikiijaribu inanikatisha tamaa, kwa sababu hakuna ninachokiandika kinachoweza kuzungumza kama mke wangu.

Na Bibi mwenyewe amekipenda kiboksi hicho mpaka roho inaniuma. Ratri alipougua mafua nilikwenda kumwambia Bibi kwamba Suzu yuko kwenye matengenezo, atarudi baada ya siku mbili tatu. Akatikisa kichwa akaniambia, "Mpikie uji laini wa mchele, utie na yai." Nikacheka njia nzima. Baridi ilipoanza akanipa soksi za sufu nyekundu alizozifuma kwa mkono wake, akasema, "Za Suzu hizi. Sakafu zina baridi siku hizi." Soksi, Mama, za kiboksi kisicho na miguu! Nikajua akili ya bibi wa watu imeanza kuchoka, na mimi ndiye ninayemlaghai. Anazivaa Ratri, zimemkaa sawasawa, lakini kila nikiziona zinapita sebuleni nageuza uso.

Sasa lililonileta kwako. Asubuhi moja Bibi alimwambia Suzu kwamba ana maumivu chini ya mbavu, yalianza zamani, tangu msimu wa mvua, chakula hakipiti na nguo zinampwaya. "Mwanangu sijamwambia," akasema, "atanitoa nyumbani kwangu. Nakuambia wewe tu, Suzu. Wewe ungekuwa mimi, ungefanya nini?" Ratri akaacha kuandika, akanigeukia. "Mas, maumivu haya nimeyaona kwa wazee wengi. Huyu anatakiwa hospitali, tena leo. Nakwenda kwake." Nikamuuliza, "Unakwenda kama nani? Utasema umejuaje?" Kwa sababu, Mama, tukimwambia mtu yeyote, awe mwanawe, awe Bwana Eguchi, swali la kwanza litakuwa nani alisikia, na mwezi ujao ndio naomba kubadilishiwa ukaazi niwe mwenye kampuni kamili, na karatasi zote zinasema hakuna anayesikia. Nikasema, "Subiri nipate hiyo viza, kisha tutamsaidia." Akanijibu, "Tutamsaidia au tutamzika?" Akainuka kutafuta koti. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia akitoka ndio mwisho wetu wa kukaa nchi hii, na asisahau kwamba yeye anakaa kwa mgongo wa viza yangu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia. Akalirudisha koti pale pale lilipokuwa, na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikaivuta kompyuta nikamjibu Bibi mimi mwenyewe, kwa Kijapani changu cha chumvi: "Pole sana. Tafadhali kunywa maji ya uvuguvugu."

 Bibi akasema, "Leo Suzu hayupo," akakifunika kiboksi kwa kitambaa. Siku zilizofuata Ratri alirudi mezani, lakini nilikuwa nimemkataza kuuliza habari za maumivu, na Bibi naye anazungumzia mawingu na bei ya figili tu. Ratri haniambii zaidi ya "chakula kiko mezani". Kwenye mkutano wa mwezi Bwana Eguchi amenisifu mbele ya wenzangu, nikainama kushukuru nikatamani ardhi inimeze. Mama, ninajionea haya hata nikiwa peke yangu. Je, kuna namna ya kumsaidia huyu bibi bila viza yangu kuharibika? Na nikisema kweli, nitafukuzwa?

Mwenye Aibu, Fukuoka


Mwanangu,

Wa alaikum salaam. Jibu hili halikungojea gazeti litoke. Nilikutumia pale pale nilipomaliza kusoma, na hapa nalichapisha kwa ajili ya wengine waliojificha nyuma ya viboksi vyao.

Nimeishi nchi hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na barua za viza nimezisoma mpaka nimechoka. Aliyeoa ili apate karatasi, aliyepanga chumba cha kulala akakiita ofisi, wote wamepita hapa. Yako imenifanya niweke chai chini. Aibu unayo, nimeiona, na ninakupa pole kwa dhati, kwa sababu najua uzito wa picha ile iliyotundikwa sebuleni kwa baba yako. Kijana anayejua kwamba kwao jirani wanaoneshwa hati yake halali usingizi wa kawaida. Pole yangu inaishia hapo.

Hebu niambie, ulisimama mlangoni kumzuia nani? Aliyekupatia hiyo viza ni nani? Yule mkaguzi hakulizwa na programu yako, programu yako ingempa hongera. Alilizwa na vidole vya mkeo ukumbini. Kisha unamwambia mwanamke huyo huyo kwamba anakaa kwa mgongo wako! Ptuu! Kabla hujaenda kwa mtu yeyote, nenda jikoni, vuta kiti, umwombe msamaha kwa maneno hayo, uyataje yalivyo. Usimwambie "kama nimekukosea". Umemkosea.

Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua. Bibi Tokunaga hakuficha. Alisema, tena alisema wazi, akauliza na afanye nini. Aliyeyaficha maradhi yake ni wewe, ukayafunika kwa maji ya uvuguvugu.

Sasa kuhusu viza, nisikilize vizuri kwa sababu sitakubembeleza. Unaniuliza kama utafukuzwa. Huenda ukafukuzwa. Mimi si ofisi ya uhamiaji. Ninachojua ni kwamba njia ya mwongo ni fupi, na yako imebakiza mwezi mmoja. Ombi hilo jipya usilipeleke likiwa na uongo ule ule, maana wa kwanza ulikuwa ujinga, wa pili utakuwa kusudi. Tafuta mwanasheria wa mambo ya ukaazi, mweleze yote bila kupunguza, kisha mwende pamoja kwa Bwana Eguchi kabla yeye hajakuita. Mwambie mashine haikuwapo, alikuwapo mtu. Atakasirika, na ana haki. Mkikubaliwa kuanza upya, huenda mkagundua kwamba biashara mnayo, lakini si hiyo uliyoiandika. Mkikataliwa, Semarang kuna kazi. Baba yako ataishusha picha, ataumia, na atakula chakula cha jioni kama kawaida. Lakini hayo yote ni ya kesho. Bibi ni wa leo.

Na hapa ndipo nilipotaka kukushika sikio. Wewe umeandika kwamba akili ya bibi imeanza kuchoka. Isome tena barua yako mwenyewe, mwanangu, maana mimi sikuwapo na nimeona, wewe ulikuwapo hukuona. Ulimwambia mashine inatengenezwa, akakuagiza uji wa yai. Uji huo kila mtu hapa anajua hupikiwa nani: mgonjwa. Akafuma soksi, na soksi zikamkaa mkeo sawasawa. Alipima kwa kiboksi? Kwa maneno ya mkeo tu amekisia kuna msichana, yuko mbali na mama yake, anaamka mapema kwenye sakafu ya baridi. Siku ulipojitia kujibu wewe, jibu moja tu, akakwambia wazi kwamba Suzu hayupo. Mwanamke aliyezika mume na kulea mtoto, asitofautishe mtu na mbao? Anajua, mwanangu. Naamini amejua tangu zamani, akanyamaza ili asiwaaibishe.

Basi fikiri tena asubuhi ile alikuwa anamwambia nani habari za mbavu zake. Hakuwa anakiambia kiboksi kwa sababu hakina mdomo. Alikuwa anamwambia msichana anayemwamini, akatega sikio asikie kama atakuja. Hakuja, kwa sababu mlangoni ulisimama wewe.

Ondoka hapo mlangoni. Nendeni leo, nyote wawili, saa hii mnayosoma. Ratri atangulie, wewe ufuate nyuma, na mambo ya hospitali mwachie yeye, ndiyo kazi yake. Mwanawe wa Osaka aambiwe na Bibi mwenyewe, ninyi mkiwa mmeketi kando yake mkimshika mkono, na mkeo amweleze huyo kijana kwamba mtu anaweza kutibiwa na bado akarudi nyumbani kwake. Najua utataka kubeba boksi la vitamu vya kuombea radhi, kama ilivyo desturi ya Wajapani. Acha. Boksi moja ulishampelekea, limemtosha.

Wala usiingie na hotuba. Mwambie mkeo avae zile soksi nyekundu. Viatu mtavivua mlangoni, na Bibi ataziona kabla hujafungua kinywa.

Mama Marsiyah