Kumteremsha Ng'ombe wa Dada

Jumamosi jioni. Mvua imepungua, baridi ya hapa kwetu Bahati imekaza, na nimejaa shukrani mpaka kofia inanibana.

Leo nimemleta ng'ombe wa dada yangu kutoka Molo kwa pikapu. Ana mimba, anazaa karibuni. Angeanguka kwenye kona tungepoteza wawili. Aliyemnunua ni mpwa wangu Wanjiru, mwalimu wa fizikia, maana ng'ombe wa kwanza wa mama yake alikufa na nyumba ikabaki na chai ya rangi.

Mimi kona za barabara hii zinanijua. Nimewahi kuteremka na magunia ya viazi mpaka tai akanipisha. Na siku zote nimeamini ng'ombe unampitisha kona haraka, asipate nafasi ya kuanguka.

Wanjiru alinisimamisha kabla sijawasha gari. Akataka mchanga umwagwe kwa bodi, pale nyuma anaposimama ng'ombe, kwato zishike.

"Anko, hakuna kitu kinamsukuma nje," akasema. "Yeye anataka kwenda mbele tu. Ni gari inageuka chini yake. Ukienda mbio mara mbili, kona inataka nguvu mara nne. Na breki unashika kabla ya kona, si ndani."

Nikasema nimesikia. Nilisikia na sikio moja.

Tukiteremkia Salgaa mvua ikatupata. Nikapunguza, kwa heshima tu. Mtu wa bodaboda akatupita akicheka: "Mzee, umebeba mayai ama maiti?"

Iliniuma. Mguu wenyewe ukaanza kukanyaga mafuta. Wanjiru hakusema neno. Alikuwa amegeuka, anamwangalia ng'ombe kwa dirisha la nyuma.

Nikautoa mguu.

Katikati ya kona, hata kwa huo mwendo wa kinyonga, matairi ya nyuma yaliteleza. Kidogo tu, kama upana wa kiganja. Halafu yakashika. Ng'ombe akasogeza kwato moja kwa mchanga, akatulia. Nikafikiria mwendo wangu wa kawaida, na ile mara nne, jasho likanitoka na baridi yote hiyo.

Tulipofika, dada aliweka mkono kwa tumbo la ng'ombe, ndama akacheza. Dada akalia, akaiombea mikono yangu. Majirani nimewaambia niliisimamisha gari kwa magurudumu mawili, nikairudisha chini na kidole kimoja. Wanjiru alikunywa chai yake, akaniachia hadithi yangu.

Asante Mungu kwa ng'ombe, kwa ndama, na kwa huyo msichana.

Jumatatu napita hapo tena na mzigo, peke yangu, bila mtu wa kuninyamazia. Je, mguu utanitii?