Pua ya Kuazima

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekula tena kwenye mgahawa wa chuo, kule binti wa kaka yangu anakosomea upishi. Jumanne na Alhamisi mchana wanafunzi wanapika na kuhudumu wenyewe. Sisi wateja tunakula kwa bei chee, halafu tunajaza kadi: chakula, huduma, usafi. Kadi zinaingia kwenye maksi zao, basi ukimeza tu wanakutumbulia macho.

Leo mhudumu aliniambia "karibu tena" kabla hata sijaletewa supu. Nikamjibu, mwanangu, mbona unanifukuza na njaa yangu. Mzee wa Dirishani – yule mstaafu anayekula peke yake – alicheka mpaka akapaliwa.

Supu ilikuwa imeungua chini. Aliyeipika ni binti yetu. Si kawaida yake. Nimempa maksi zote hivyo hivyo.

Jumamosi, 6 Septemba

Binti amenitolea siri. Mimi niko kwenye cherehani, yeye anapasi, mara akaanza kulia. Tangu yale mafua ya mwezi uliopita hasikii harufu. Hata chembe. Vitunguu, sabuni, mkojo wa paka – kwake vyote sawa. Ladha nayo imekwenda. Anapika kwa macho na kwa saa ya ukutani.

Nikamwambia akamweleze mwalimu. "Shangazi, nikisema wananitoa jikoni. Mwaka jana nilifeli. Safari hii nikifeli ndiyo basi."

Kweli, chuo hakimpi mtu nafasi ya tatu. Na mimi ndiye niliyembana kaka amwache mtoto asome upishi, yeye alitaka awe karani. Nitamtazama vipi?

Nimemwambia nitakuwa pua yake. Nimelisema kirahisi, kama ninamwazima mwavuli.

Jumanne, 9 Septemba

Mpango wetu: nakaa meza ya karibu na kidirisha cha jikoni. Sahani ya kwanza inakuja kwangu, nanusa, naonja. Nikiomba ndimu, kuna kilichoharibika, anazuia zilizobaki. Nikinyamaza, mambo shwari.

Leo nilinyamaza. Kuku alikuwa mtamu, nimekwangua sahani bila aibu.

Alhamisi, 11 Septemba

Maziwa ya mchuzi yalikuwa yamechacha. Harufu niliisikia sahani haijatua mezani. Nikaomba ndimu kwa sauti ya mtu anayenadi mitumba. Binti akamwaga sufuria nzima, akaanza upya. Mwalimu wao, wanayemwita Jicho, akamsifu mbele ya wenzake: mpishi ni pua, mwigeni huyu. Mtoto akainamisha kichwa.

Nilichekea kwenye leso. Halafu moyo ukanilipuka. Watu thelathini wangekula yale maziwa, na yeye asingejua.

Wakati wa kutoka nilisimama mlangoni kwa Jicho, mkono juu, nibishe hodi. Sikubisha. Nilijiambia zimebaki siku chache tu kufika mtihani.

Jumapili, 14 Septemba

Mafua yamenishika. Kichwa kizito, macho yanatiririka. Binti ananichemshia tangawizi, ananifunika shuka kama mtoto mchanga. Keshokutwa ndiyo mtihani: samaki, kwa watu arobaini, na wakaguzi kutoka nje. Ananiuliza kama nitaweza kuja. Nimemwambia mafua hayajawahi kunilaza mimi.

Jumanne, 16 Septemba

Jioni. Mtihani umepita. Niandike yote, labda nitatulia.

Jana umeme ulikatika chuoni mchana kutwa, friji zikazima. Saa nne asubuhi binti alinipitishia samaki mbichi kwenye kidirisha. "Shangazi, yuko sawa?" Nikanusa mara mbili. Sikusikia chochote kibaya. Nikamwambia safi kabisa. Uso ukamkunjuka, akarudi kwenye jiko lake.

Sahani zikatoka, zinapendeza, mchuzi mzito wa vitunguu saumu. Mimi sikupata ladha yoyote. Nilidhani ni wasiwasi tu, mate yalikuwa yamenikauka tangu asubuhi. Nikamaliza sahani yangu. Nikanyamaza.

Mara Mzee wa Dirishani akaomba ndimu. Binti alikuwa amesimama kwenye kidirisha, akaganda na mwiko mkononi, akanitazama. Mzee akasema samaki ana kaukali fulani hivi, kanachoma ulimi. Nilimkonyeza binti: endelea, huyo ni mzee tu na ulimi wake. Akaendelea. Sahani thelathini na tano zikatoka baada ya pale. Nilizihesabu kwa furaha.

Kwenye kadi nimempa maksi zote. Jicho amemnong'oneza kwamba yeye ndiye wa kwanza. Tumerudi nyumbani tumeshikana mikono.

Nimeacha kuandika kidogo. Nilikuwa nimebandika maziwa ya chai nikakaa hapa, hatua tatu kutoka jikoni. Moshi nimeuona kwa macho. Sufuria imekuwa nyeusi tii, chumba kimejaa, na mimi nilikuwa naandika.

Nimefungua chupa ya mafuta ya taa nikaisogeza puani. Hakuna. Nimekata kitunguu. Hakuna. Nimenusa kwapa langu mwenyewe, Mungu wangu. Hakuna kitu.

Tangu lini? Jumapili? Leo asubuhi nilinusa nini pale kidirishani?

Uso unaniwaka moto na tumbo limeanza kunisokota. Ningependa iwe ni hofu. Binti yuko bafuni anaoga, anaimba, muda mrefu sijamsikia akiimba. Simu yake iko hapa mezani, inaita. Ni Jicho. Imekatika. Inaita tena.

"Shangazi, ni nani huyo? Nipokelee basi."